Njia ya Uzamili Kuelekea Unasihi wa Kitaaluma: Mwongozo kwa Wasomaji wa Makumira na Ukanda wa Mlima Meru

Kazi yenyewe na sababu ya kuisomea

Unasihi, ambao katika hospitali na asasi nyingi za Tanzania hujulikana zaidi kama ushauri nasaha, ni kazi ya kitaaluma ambamo mtu aliyefunzwa humsaidia mwingine, kwa mazungumzo yenye mpangilio, muda maalumu na usiri, kulielewa tatizo lake na kufikia uamuzi ambao mwenye tatizo ataweza kuishi nao. Maana hii inautenga unasihi na kazi mbili zinazofanana nao kwa nje. Mshili wa Kimeru au laigwanani wa Kiarusha, yaani kiongozi wa kimila, huketi na wazee wenzake ili kupatanisha pande na kulinda umoja wa ukoo, na neno lake hutarajiwa kufuatwa, ilhali mnasihi hatoi hukumu wala hawakilishi ukoo wowote. Daktari wa magonjwa ya akili naye hupima, hutaja ugonjwa na huandika dawa, mambo ambayo mnasihi hana mamlaka nayo hata kama shahada yake ni ya juu.

Makumira, iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi karibu na Usa River, inafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu mafunzo ya kuwasikiliza watu yamekuwapo hapo kwa muda mrefu. Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilichoanzishwa Lwandai, Usambara, mwaka 1947 kilihamia Makumira mwaka 1954, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 1997, kisha kikakua na kuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Wachungaji waliopita hapo walifundishwa huduma ya kichungaji, yaani uangalizi wa waumini walio wagonjwa, wafiwa na wenye migogoro ya nyumbani. Wengi wanaofikiria uzamili wa unasihi leo ni watu wa aina hiyo hiyo: wachungaji, walimu wanaoshughulikia unasihi shuleni, wauguzi, maafisa ustawi na maafisa maendeleo ya jamii, ambao tayari hubebeshwa siri za watu kila wiki na wameona mahali ambapo ujuzi walio nao unaishia.

Sababu ya kuhitaji mafunzo ya juu inaonekana katika historia ya kazi yenyewe. Unasihi wa kisasa ulienea Afrika Mashariki kwa msukumo wa janga la UKIMWI, ambalo wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Asasi ya TASO, ya kuwasaidia walioathirika na UKIMWI, ilianzishwa Uganda mwaka 1987 na ya WAMATA ikaanzishwa Tanzania mwaka 1989, na kuanzia mwaka 2001 vituo vya Angaza vilivyoendeshwa na shirika la AMREF vikaeneza upimaji wa hiari wa VVU unaotanguliwa na kufuatiwa na ushauri. Wafanyakazi wa huduma hizo walifunzwa kwa kozi fupi, nazo zilijibu dharura iliyokuwapo. Hata hivyo, kozi ya kumwandaa mtu kupokea majibu ya kipimo haikukusudiwa kumwezesha mhudumu kukaa miezi sita na mjane anayenyang'anywa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Mererani akiwa hawezi kulala, au na mwanafunzi anayefikiria kujiua. Matatizo ya namna hiyo yanadai nadharia pana zaidi, na zaidi ya nadharia yanadai mazoezi yanayosimamiwa.

Neno hilo la mwisho ndilo msingi wa mwongozo huu. Katika vijiji na mitaa ya Moshi na ile ya Bungoma nchini Kenya ulifanyika utafiti, uliochapishwa mwaka 2020, wa tiba ya kiwewe kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha au msiba. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazini na kusimamiwa kila wiki. Tiba ilipomalizika, watoto wa maeneo matatu kati ya manne walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida, ingawa baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilibaki wazi upande wa Kenya tu. Ikiwa wasio na shahada wanaweza kufika hapo kwa kusimamiwa vizuri, basi mwenye shahada ambaye hajawahi kusimamiwa hana cha kujivunia mbele ya mteja. Shahada ya uzamili katika unasihi ina thamani kwa kadiri inavyompa mwanafunzi wateja halisi na msimamizi halisi, na kipimo hicho kitatumika katika kila hatua inayofuata.

Kujipima kabla ya kuomba

Vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida humdahili katika shahada ya uzamili mtu mwenye shahada ya kwanza ya daraja la pili la chini au zaidi, ambalo katika mfumo wa alama tano huanzia wastani wa 2.7. Shahada ya saikolojia, elimu, ustawi wa jamii, uuguzi au theolojia hukubalika katika programu nyingi, lakini mwenye shahada isiyo na saikolojia ndani yake hufanya vyema kuanza na stashahada ya uzamili, ambayo ni mafunzo mafupi zaidi ya baada ya shahada ya kwanza, au kusoma kozi za kuziba pengo katika ukuaji wa mwanadamu na magonjwa ya akili. Kuliruka pengo hilo huonekana nafuu mwaka wa kwanza na huwa mzigo mwaka wa pili, pale mwanafunzi anapokutana na mteja mwenye sonona kali, yaani huzuni ya kiugonjwa inayomwondolea mtu usingizi, hamu ya kula na matumaini, naye akadhani ameona uvivu au upungufu wa imani.

Sifa za nafsi hupimwa kwa ugumu zaidi kuliko vyeti. Mtu aliyefiwa karibuni, aliye katikati ya talaka au anayetafuta katika masomo dawa ya jeraha lake mwenyewe hazuiwi kusoma, lakini anashauriwa kuwa mteja wa mnasihi mwingine kwanza, kwa sababu chumba cha unasihi huyaamsha yale ambayo mhudumu aliyafunika.

KISANDUKU CHA 1: Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa ada ya maombi

☐ Je, mwombaji anaweza kumsikiliza mtu kwa dakika 50 bila kutoa ushauri, kuhubiri wala kusimulia mkasa wake?
☐ Je, yuko tayari kurekodiwa akifanya kazi, kwa ridhaa ya mteja, na kusikiliza makosa yake mbele ya wenzake?
☐ Je, mwajiri amekubali kwa maandishi kumpa siku za mazoezi, au mazoezi yatagombana na zamu za kazi?
☐ Je, bajeti imehesabu nauli za kwenda kituoni, malipo ya usimamizi, gharama za utafiti na muhula wa ziada?
☐ Je, familia inajua kwamba mambo atakayoyasikia hayatasimuliwa nyumbani?

Kuchagua chuo

Kosa kubwa kuliko yote katika hatua hii ni kuchagua kwa jina la shahada. Programu mbili zinaweza kubeba jina linalofanana, moja ikiwa imejengwa juu ya mihadhara na tasnifu, yaani andiko refu la utafiti la kumalizia masomo, na nyingine ikiwa imejengwa juu ya kliniki. Ya kwanza humwandaa mwalimu au mtafiti, na ni kazi njema. Ya pili humwandaa mnasihi. Tofauti hiyo haionekani katika kipeperushi, hivyo mwombaji hana budi kuitafuta kwa utaratibu ufuatao.

1. Aanze na ithibati. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, huidhinisha vyuo na programu zake, na orodha ya programu zilizoidhinishwa hubadilika kadiri mitaala inavyofunguliwa, inavyopitiwa upya au inavyofungwa. Chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kwamba kila programu yake inayo. Mwombaji atafute jina la programu yenyewe, ngazi yake na kampasi itakakofundishwa, hata kama chuo ni jirani yake na walimu wake anawajua kwa majina.

2. Aombe mtaala, asiridhike na orodha ya kozi. Mtaala wa kufaa huwa na nadharia za unasihi, maadili na sheria, utambuzi wa magonjwa ya akili, unasihi wa familia na ndoa, unasihi wa vikundi, unasihi wa watoto, majanga na kujiua, mbinu za utafiti, na juu ya yote kozi ya mazoezi yenye saa zilizotajwa.

3. Aulize saa za mazoezi kwa tarakimu. Kwa kulinganisha, chombo kinachoidhinisha programu za unasihi Marekani, CACREP, hudai saa 100 za mazoezi ya awali, kati yake 40 zikiwa za kukaa na wateja, kisha saa 600 za mazoezi kamili, 240 zikiwa za wateja. Chama cha wanasihi cha Uingereza, BACP, hudai saa zisizopungua 100 za wateja chini ya usimamizi katika kozi inazozitambua. Vipimo hivi si sheria ya Tanzania, lakini vinampa mwombaji rula ya kupimia, na programu ya miaka miwili isiyofikisha hata saa 100 za wateja itamwachia mhitimu deni la kulipa baadaye kwa njia nyingine.

4. Aulize ni nani anayesimamia. Msimamizi anapaswa kuwa mnasihi au mwanasaikolojia anayeendelea kuwaona wateja, na uwiano wa wanafunzi kwa msimamizi uwe mdogo kiasi cha kumwezesha kusikiliza kazi ya kila mmoja.

5. Azungumze na wahitimu wawili au watatu nje ya chuo, awaulize walimwona mteja wa kwanza muhula gani na nani alikuwa akiwasikiliza.

Msomaji wa ukanda wa Meru asijifunge katika chuo kilicho karibu na nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzamili wa saikolojia jamii tumizi, na Muhimbili kina uzamili wa saikolojia ya kliniki ulio karibu zaidi na hospitali. Nairobi, ambako basi la asubuhi kutoka Arusha hufika siku hiyo hiyo, kuna uzamili wa saikolojia ya unasihi katika vyuo vikuu vya Daystar na USIU-Africa, na Makerere nchini Uganda pia inao. Anayesoma nje ya nchi ajue mapema kwamba tuzo yake itapelekwa TCU kutambuliwa kabla haijatumika kwa ajira rasmi nchini, na kwamba kozi za kujisomea mtandaoni zisizo na mazoezi yanayosimamiwa ana kwa ana ndizo zinazowasumbua wahitimu zaidi wanapotafuta kazi ya kukaa na wateja.

Mazoezi: kiini cha mafunzo

Mazoezi huanza darasani kwa igizo dhima, ambamo mwanafunzi mmoja huwa mnasihi na mwingine mteja, huku wengine wakiangalia. Ingefaa mwanafunzi alete katika igizo hilo mambo halisi lakini madogo ya maisha yake, kwa sababu kisa cha kubuni humfundisha mnasihi kubuni majibu. Baada ya hapo huja kituo cha mazoezi, na hapa ukanda wa Arusha na Kilimanjaro una utajiri ambao wanafunzi wengi hawautumii: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, hospitali ya Kilutheri ya Nkoaranga juu ya Usa River, Selian na kituo cha ALMC mjini Arusha, hospitali ya KCMC mjini Moshi, shule za bweni zilizotapakaa kati ya Tengeru na Usa River, ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri, na vituo vya kulea watoto.

KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inastahili kutajwa peke yake kwa kuwa imekuwa mahali pa mafunzo ya kichungaji ya kliniki, ambayo kwa ufupi huitwa CPE. Mfumo huo ulianzia Marekani mwaka 1925, mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alipowapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya Worcester wakajifunze kwa wagonjwa badala ya vitabu peke yake. Kipindi kimoja cha CPE kwa kiwango cha Marekani ni saa 400. Chombo chake kikuu ni nakala ya neno kwa neno: mwanafunzi akitoka wodini huandika kwa kumbukumbu alichosema mgonjwa na alichojibu yeye, kisha huisoma mbele ya kikundi na msimamizi, na sentensi moja baada ya nyingine huulizwa ilitoka wapi na ilimfikisha mgonjwa wapi. Hakuna zoezi linalofichua haraka zaidi tabia ya kukimbilia kufariji. Mgonjwa anaposema anaogopa upasuaji, na mhudumu akajibu kwamba Mungu ni mwema, nakala itaonyesha kwamba mgonjwa hakusema tena neno lolote kuhusu hofu yake. Mchungaji wa Makumira anayekusudia uzamili wa unasihi angefaidika kupitia CPE kwanza, na asiye mchungaji anaweza kuiazima mbinu yenyewe.

Utaratibu wa kila wiki wa mazoezi uwe kama ifuatavyo.

1. Kabla ya kikao, mwanafunzi humweleza mteja kwamba yeye ni mwanafunzi, kwamba kazi yake inasimamiwa, na kwamba mteja anaweza kukataa bila kupoteza huduma. Ridhaa hiyo huandikwa na kutiwa saini, au alama ya kidole kwa asiyeandika.

2. Wakati wa kikao hakuna kuandika zaidi ya jambo moja au mawili ya lazima. Simu huzimwa.

3. Ndani ya saa 24 huandikwa kumbukumbu fupi yenye tarehe, muda, lengo, hatari iliyojitokeza na hatua iliyokubaliwa. Jina la mteja halikai katika daftari hilo, hutumika namba.

4. Kila wiki kikao kimoja huandikwa neno kwa neno, au husikilizwa kutoka katika rekodi, mbele ya msimamizi. Mwanafunzi achague kikao kilichomshinda, kwa sababu kuchagua kilichofanikiwa ndiyo njia ya kupoteza usimamizi.

5. Saa za wateja na saa za usimamizi huandikwa katika daftari la saa na kutiwa saini na msimamizi wiki hiyo hiyo. Daftari lililojazwa mwishoni mwa muhula halitaaminiwa na yeyote, na bodi ya nchi nyingine inaweza kulidai miaka kumi baadaye.

Usimamizi wenyewe hueleweka vibaya na wengi, ambao huuona kama ukaguzi. Msimamizi hufanya kazi tatu kwa pamoja: humlinda mteja dhidi ya makosa ya mwanafunzi, humfundisha mwanafunzi, na humsaidia kubeba uzito wa alichokisikia. Moja ya mambo yanayoshughulikiwa hapo ni uhamisho wa hisia, yaani hali ambayo mteja humwelekezea mnasihi hasira, mapenzi au utegemezi uliozaliwa katika uhusiano wa zamani, kwa mfano kijana aliyepigwa na baba yake anapomwogopa mnasihi wa kiume ambaye hajamfanya lolote. Mnasihi naye huwaelekezea wateja mambo yake. Yasiposemwa katika usimamizi, hutendwa katika chumba cha unasihi.

Lugha, umri na ujirani

Mafunzo ya uzamili husomwa na kuandikwa kwa Kiingereza, ilhali wateja wa Meru huzungumza Kiswahili, na wazee wengi hulia kwa Kimeru, Kimaasai au Kichaga. Mwanafunzi afanye maigizo dhima yote kwa Kiswahili hata kama tathmini ni ya Kiingereza, na asikubali msimamizi apitie nakala iliyotafsiriwa pekee. Inapobidi mkalimani, asiwe ndugu wa mteja wala mtoto wake, akae pembeni kidogo ili macho ya mteja yaelekee kwa mnasihi, na aapishwe usiri kwa maandishi sawa na mnasihi.

Umri nao una uzito wake. Mnasihi wa miaka 28 anayempokea mzee wa miaka 70 humwamkia shikamoo, humwita mzee au mama, na humpa nafasi ya kueleza habari za ukoo na mashamba kabla ya kufikia lililomleta. Utangulizi huo ni sehemu ya kikao. Lakini heshima isigeuke kuwa kumwachia mteja aendeshe kila kitu, wala mnasihi asikubali kuitwa mwanangu hadi akashindwa kuuliza swali gumu.

Ujirani ni mgumu zaidi. Katika eneo la migomba na kahawa ambako mashamba yamepakana na watu husali kanisa moja, mnasihi atapata wateja anaowajua. Nadharia iliyoandikiwa miji mikubwa humtaka amkatae kila anayemfahamu, na mwenye kuishika kikamilifu katika vijiji kama Akheri au Poli angebaki bila mteja hata mmoja. Kanuni ya kufaa ni hii: asimpokee ndugu, mtumishi wake, mdeni wake wala mtu ambaye atampa alama au kumpandisha cheo. Kwa wengine, uhusiano wa nje utajwe wazi katika kikao cha kwanza na wakubaliane namna watakavyosalimiana njiani. Mchungaji anayemnasihi muumini wake aamue mapema kwamba lililosemwa katika unasihi halitaingia katika mahubiri, hata kwa mfano uliofichwa, kwa sababu mwenye mkasa wake hujitambua na jirani zake humtambua pia.

Sheria na mipaka ya usiri

Usiri katika unasihi si kamili, na mteja lazima aelezwe mipaka yake kabla hajaanza kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika, na mnasihi hana msamaha. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, jambo litakalomkabili mnasihi wa ukanda huu hasa kabla ya likizo ndefu za shule. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo vya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo kumbukumbu za vikao haziwezi kuachwa katika simu isiyo na nywila wala kutumwa katika kundi la wanafunzi la WhatsApp kwa ajili ya majadiliano.

Jambo la kujiua linahitaji uangalifu wa pekee. Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huwafanya wateja na familia kunyamaza. Mnasihi aulize moja kwa moja, kwa upole, kama mteja anafikiria kujiua, kwa kuwa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aulize kama ana njia na siku. Asimwache peke yake. Ahakikishe dawa za mashambani na vitu vingine vya hatari vimeondolewa karibu naye. Na amfikishe hospitali siku hiyo hiyo kama mgonjwa anayehitaji matibabu.

KISANDUKU CHA 2: Mahali pa rufaa ambapo mwanafunzi apajue kabla ya mteja wa kwanza

☐ Kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC kwa matatizo mazito zaidi.
☐ Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, ambayo hupokea wagonjwa kwa rufaa.
☐ Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa mashauri ya watoto, matunzo na wazee.
☐ Dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.
☐ Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Rufaa ifanywe kwa barua na kwa kufuatilia. Kumwambia mteja "nenda hospitali" na kuishia hapo ni kumtelekeza.

Tasnifu na vibali

Tasnifu isichukue nafasi ya mazoezi. Mwanafunzi achague mada inayotokana na kituo chake, ili saa za mazoezi na za utafiti zikamilishane, na aanze vibali miezi kadhaa kabla ya kukusanya data: barua ya chuo, ruhusa ya mkoa na ya halmashauri, na kwa utafiti wa kiafya idhini ya maadili, ambayo kitaifa hutolewa na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR. Wateja wake mwenyewe wasiwe sampuli ya utafiti wake, kwa sababu mtu anayemtegemea mnasihi hawezi kusema hapana kwa uhuru.

Makosa yanayojirudia

Wanafunzi wengi hupokea wateja wengi mno mapema, wakidhani wingi ni ujuzi. Wateja watatu hadi watano kwa wiki wanatosha kwa anayeanza na anayesimamiwa vizuri. Wengine huhama kutoka nadharia moja hadi nyingine kila muhula. Ni heri kushika moja kwa kina, iwe ile ya Carl Rogers inayomweka mteja katikati na kumdai mnasihi ukweli, upokeaji usio na masharti na uelewa wa hisia, au ile ya Aaron Beck inayochunguza namna mawazo ya mtu yanavyoongoza hisia zake, kisha kuongeza nyingine taratibu. Wapo pia wanaojitangaza kuwa wanasaikolojia au madaktari siku ya mahafali, jambo linalowadanganya wateja kuhusu huduma wanayoipata.

Baada ya kuhitimu

Kenya ina sheria mahususi ya wanasihi na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, yenye bodi inayowasajili na kuwawajibisha. Tanzania haina sheria ya unasihi inayolingana na hiyo, na matokeo yake ni kwamba yeyote anaweza kubandika kibao cha mshauri nasaha kando ya barabara ya Usa River bila kuulizwa cheti. Hali hiyo haimpi mhitimu uhuru. Inamwongezea wajibu, kwa kuwa mteja hana pa kulalamika. Kwa hiyo mhitimu ajiwekee mwenyewe masharti ambayo sheria haijamwekea: ajiunge na chama cha kitaaluma, aandike kanuni za maadili atakazozifuata na kumpa mteja nakala, aendelee kusimamiwa walau mara mbili kwa mwezi katika miaka miwili ya kwanza ya kazi, na aeleze kwenye kibao chake ngazi ya elimu aliyo nayo bila kuongeza.

Msomaji aliyefikia uamuzi aanze wiki hii kwa barua moja kwenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa kila chuo anachokifikiria, akiuliza mambo matatu: programu ina ithibati ya TCU kwa ngazi gani, mwanafunzi hukaa na wateja kwa saa ngapi, na ni nani anayemsimamia. Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo kwa maandishi kisilipwe ada.